Mguu Usiojua Njia

Jumatatu, 6 Mei

Umekumbuka leo kwamba una bibi? Haya, karibu. Ulinipa daftari hili ukasema, Bibi, andika mambo yako, mwezi ujao nakuja kusoma. Mwezi gani huo usiokwisha kuja? Mbuzi wa jirani amezaa, watoto wake nao wamezaa, wewe bado unafunga kamba za viatu! Kaa chini. Usifunue sufuria. Soma kwanza, utakula baadaye. Na mwandiko usiucheke. Shule mimi niliiona kwa nje, herufi nimezisoma kwenye mifuko ya unga na vibao vya maduka.

Sasa sikiliza balaa.

Chama chetu kina katibu mpya. Kijana mwembamba, miwani ameifunga kamba shingoni kama mbuzi. Amesimama ukumbini leo akasema Umoja wa Ngoma wa Kanda lazima uwe na historia. Nikamwambia tunayo. Sisi historia hatuiandiki, tunaicheza! Siku ya kufungua msimu, vikundi vyote vya kanda huingia ukumbini kwa mstari. Mwanzilishi mbele, aliyefuata nyuma yake, mpaka waliojiunga jana, ndio mkia. Ukitaka kujua chama kilianzaje, simama pembeni utazame mlangoni.

Katibu akajibu kwamba ametazama mlangoni, na alichoona ni mimi na wifi tumekwama.

Kweli. Wifi yangu, dada yake marehemu babu yako, anaongoza Mtaa wa Juu. Mimi Mtaa wa Chini. Kila mwaka anataka kuingia wa kwanza, na mimi nataka. Mlango ule ni wa watu wawili wembamba. Sisi si wembamba.

Ndipo likaja la pili. Kikundi chenye wachezaji pungufu ya wanane kitaunganishwa na jirani yake. Kikundi cha waanzilishi tu ndicho kisichoguswa. Jumamosi kamati itasikiliza nani ni mwanzilishi.

Mtaa wa Chini tuko watano. Mmoja anacheza akiwa amekaa.

Na jirani yetu ni nani? Wifi! Nicheze nyuma ya wifi, nikitazama kisogo chake mpaka nife! Walioondoka wote, wenzangu tulioanza nao nikawazika mmoja mmoja, jina la kikundi chao lifutwe kama sinia?

Halifutwi. Nina akili. Naanza kesho.


Jumanne, 7 Mei

Mpango: shahidi.

Aliyepiga ngoma siku ya kwanza yupo hai. Tunamwita Ngozi, maana amekauka hivyo. Nimemchemshia uji mzito, nimebeba na sufuria yake. Amekunywa. Ameomba tena. Amekunywa.

Nikamwuliza kama anaikumbuka siku ile. Akasema anaikumbuka kama kiganja chake. Mvua ilinyesha, ngozi ya ngoma ikalegea, wakapiga debe. Moyo wangu ukaruka! Nikauliza nani alikuwa mbele. Akasema mwanamke mrefu, shingo ndefu, akitembea hata vumbi linaona aibu kunyanyuka. Nikajinyoosha shingo. Nikasema endelea, mzee wangu, endelea.

Akasema, nikamwoa.

Kumbe ni harusi yake! Saa nzima ananisimulia harusi yake! Kisha akaniuliza mimi ni nani. Nikajitaja. Akacheka mpaka uji ukamtoka puani. Akauliza, yule wa mguu usiojua njia?

Hilo ni tusi la wifi. Miaka arobaini analisema, sasa hata waliosahau majina ya watoto wao wanalikumbuka.

Nimechukua sufuria yangu. Haikuwa tupu, nimemalizia njiani.


Jumatano, 8 Mei

Mpango wa leo ni moto. Ushahidi wa picha!

Siku ile ya kwanza hakukuwa na picha. Kwa hiyo tumeipiga leo.

Nimewakusanya wote watano uani. Nguo za zamani tumezitoa masandukuni, zinanuka dawa ya nondo. Anayecheza amekaa tumemweka katikati na debe. Fundi picha wa mtaa akaja, akapiga, akasafisha, akaleta mchana. Inang'aa mno. Picha ya miaka arobaini haing'ai! Nikaizamisha kwenye chai iliyobaki asubuhi, ile kali, nikaianika juu ya mlango wa banda la kuku.

Loo! Imetoka kama imechimbwa kaburini. Nyuma yetu likaonekana tangi la maji la plastiki ambalo jirani amenunua mwaka jana. Nimelipaka mkaa kwenye picha, limekuwa mti. Mti mnene kidogo, una mfuniko. Lakini mti.

Kitu kimoja kinanisumbua. Wenzangu wanasema kwenye picha tumezeeka. Nimewaza sana. Nikiulizwa nitasema tulikuwa tumechoka, tumecheza tangu asubuhi.


Alhamisi, 9 Mei

Wifi amekuja kuomba chumvi. Ana chumvi, mimi nazijua chumvi zake. Amekuja kupeleleza.

Nikaikalia picha. Akaniuliza mbona umekaa upande, wifi, una jipu? Nikasema upande ni wangu, jipu ni langu, chumvi ile pale. Akacheka, akajimiminia chai bila kukaribishwa, akasema mfa maji haachi kutapatapa. Kisha akaachia bomu. Jumamosi kamati haitasikiliza maneno tu. Kila anayedai uanzilishi atacheza ule mchezo wa kwanza. Ule wa kuchechemea.

Wewe unaujua. Vikundi vyote vya kanda vinaucheza wakati wa kufungua. Hatua, hatua, halafu unachechemea mguu wa kushoto, mikono juu. Katibu ameshaandika kwamba kuchechemea huko ni mzigo wa wazee wetu waliosafiri mbali. Mzigo gani! Ni kandambili yangu. Tulikuwa nyuma ya mashine ya kusaga, mimi nawaonyesha wenzangu mchezo, kamba ikakatika, msumari ukanichoma. Nikachechemea. Wakadhani ndio mchezo. Nao wakachechemea! Kilichofuata, mji wa pili wakaiga, mji wa tatu wakaiga, leo kanda nzima inachechemea kwa ajili ya kandambili.

Tatizo ni kwamba kila mtu anachechemea kushoto. Mimi mguu unaokwenda ni wa kulia. Tangu siku hiyo. Nikiuambia tulia, hausikii. Watu elfu wa kanda hawawezi kukosea, mimi peke yangu nikapatia. Basi msumari ulikuwa mguu wa kushoto, na huu wa kulia umejifanyia kiherehere. Au niligeuka? Au miguu hubadilishana uzeeni? Sijui. Kichwa kinazunguka.

Mwanzilishi asiyeujua mchezo wake! Wataniaibisha.


Ijumaa, 10 Mei

Mazoezi jikoni.

Nimefunga kitambaa chekundu mguu wa kushoto niukumbuke. Hatua, hatua, kulia. Mjinga! Hatua, hatua, kulia. Nikafunga mguu wa kulia kwenye mguu wa meza. Hatua, hatua, meza. Vikombe viwili vimekwenda na maji.

Mwenzangu anayecheza amekaa alikuja kunisimamia, akawa anapiga debe na kunitukana kwa upendo. Akasema ng'ombe wa kulimia anajifunza haraka kuliko mimi. Nikamwambia ng'ombe hana wifi.

Alasiri ikakubali! Hatua, hatua, KUSHOTO! Tena! Kushoto! Nimelia machozi, mjukuu wangu. Maisha yangu yote sijawahi kucheza sawa. Kesho wifi atajua mimi ni nani.


Jumamosi, 11 Mei

Siku ya leo sijaielewa. Naiandika ilivyokuwa, wewe uliyesoma utanieleza.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nikaitwa, nikatoa picha. Katibu akaitazama. Akaigeuza. Akainusa. Akauliza kama chai ilikuwa na tangawizi.

Nikasema siku zile picha zilinukia hivyo.

Akauliza mbona mti una mfuniko. Nikasema ni aina ya mti. Akafuta miwani, akaiweka picha mezani kwa uangalifu mkubwa, mdomo unamcheza. Nikajua imemgusa.

Tukaambiwa tucheze. Wifi kwanza. Akachechemea kushoto, kiuno kama mlango wenye mafuta, watu wakapiga makofi. Sikuona kitu cha ajabu. Zamu yangu. Hatua, hatua, kushoto! Hatua, hatua, kushoto! Bila kukosea hata mara moja!

Makofi hakuna. Watu wananitazama kama nimeingia bila kichwa.

Katibu akasema basi, wote wawili wanaujua mchezo sawasawa, picha haisaidii, na Mtaa wa Juu wana watu wengi zaidi. Akachukua kalamu. Mwenzangu yule anayecheza amekaa akasimama. Sijamwona amesimama ngomani miaka mingi. Alisimama tu. Hapo mimi nikavunjika.

Mara wifi akalipuka! Akaruka kitini, kidole usoni kwangu. Akauliza nimeanza lini kucheza vizuri. Nani kanifundisha? Akamgeukia Katibu akasema huyu mwanamke ni mwongo, anawachezea. Huyu ni mguu wa kulia! Miaka yote ni kulia! Muulize yeyote!

Ukumbi mzima ukaitika. Kulia! Watu wa miji mingine ambao hata siwajui, kulia! Ngozi pale mlangoni akaamka akasema, yule wa mguu usiojua njia, kulia. Nilitaka ardhi ipasuke niingie. Kunishinda tu hakumtoshi, ananivua nguo mbele ya kanda!

Katibu akaweka kalamu chini. Akamwuliza wifi yeye alijifunza kwa nani. Wifi akasema kwa huyu huyu, kwa nani tena. Nyuma ya mashine ya kusaga. Alisimama mbele yetu, ametutazama, ngoma katikati. Kandambili ikakatika akachechemea, sisi tukafuata upande aliokwenda yeye.

Katibu akaja akasimama mbele yangu, uso kwa uso. Akaniomba nisahau kushoto, nicheze kama mama yangu alivyonizaa. Nikacheza. Hatua, hatua, kulia. Naye ananifuata upande ninaokwenda, kama mtu anavyofuata kioo. Kisha akasema nisimame, nitazame mguu wake.

Wa kushoto!

Ukumbi ukapasuka kwa vigelegele. Katibu akapaza sauti kwamba katika kanda nzima mtu mmoja tu angeweza kuchechemea kulia, naye ni yule aliyesimama akiwatazama wengine. Wengine wote ni kioo chake. Kikundi cha Mtaa wa Chini hakifutwi. Tena mbele!

Wananibeba, wananiimbia, mimi nauliza jamani, kwa hiyo nimekosea au nimepatia?

Nje nikamshika wifi mkono. Nikamwuliza mbona miaka yote ananisukuma mlangoni, kama alijua. Akasema yeye alidai mlango, historia hakuidai, kamati ndiyo iliyomwita kucheza. Nikauliza basi kwa nini leo amesema. Akanitazama kama mtoto mpumbavu. "Wewe ukiwa nyuma yangu," akasema, "mimi nitamsukuma nani?" Akanifinya mkono, kwa kucha, akaondoka zake akijifuta macho kwa upande wa nguo. Vumbi, akasema. Hapakuwa na vumbi.


Jumapili, 12 Mei

Nimeamka nimetulia, sasa nimeelewa yote.

Ni picha.

Wanasema ni mguu. Mguu! Mguu huo huo miaka arobaini wanautukana, leo ndio uwe ushahidi? Hapana. Katibu ameitundika picha yangu ukutani, karibu na mlango, na kila akipita anasimama kuitazama, anacheka mpaka anashika ukuta. Mtu hafurahii hivyo kitu kisicho na thamani. Alinusa ukweli.

Na wifi simwamini. Wema wa ghafla una mkia. Ameshaniambia msimu ukifunguliwa atanisukuma vilevile, mwanzilishi au si mwanzilishi, na ameanza kula vizuri ili anenepe. Mwenzangu wa kukaa ameniambia nimpelekee wifi kuku, nimshukuru, yaishe. Nimekubali kwamba kuku ni mzuri. Nitamla mimi, nahitaji uzito.

Lakini dawa ya mlango nimeipata. Mlango ule lazima uwe wetu wenyewe. Nitathibitisha kwamba marehemu babu yako ndiye aliyeujenga ukumbi kwa mikono yake. Hakuujenga, alikuwa fundi baiskeli. Ila wewe una pua yake ile ile, na mabega.

Kwa hiyo mume wangu mdogo, safari ijayo usije mikono mitupu kama leo. Ndevu usinyoe. Kofia ya babu yako aliyonayo baba yako, ivae. Njoo na mwiko wa mwashi, uazime popote, na majani ya chai pakiti mbili, yale meusi.

Tangawizi usilete.