Ombi la Kumrudisha Kambare Mkekani

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Chama cha Jujitsu ya Kibrazili.

KUHUSU: KUSTAAFU KWA MPINZANI WA MUME WANGU BILA IDHINI YA FAMILIA YETU

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta mzima na viungo vyako vyote vikiwa mahali pake, jambo ambalo katika mchezo wenu si la kuchukuliwa kwa wepesi.

Mimi ni mshonaji, na ni mke wa yule mnayemwita Kufuli. Jina hilo mlimpa ninyi, kwa sababu akishakamata mkono au mguu wa mtu hauachii mpaka mwenyewe agonge mkeka kukubali kushindwa. Kazi yake ni kutengeneza friji. Mpinzani wake ni Kambare, kinyozi, ambaye jina lake anajua maana yake yeyote aliyewahi kumshika samaki huyo kwa mikono mitupu. Wawili hawa wamegombea ubingwa wa uzani wao tangu wakivaa mikanda myeupe. Mwaka huu Kufuli, mwaka ujao Kambare. Mimi sikuhitaji kwenda ukumbini kujua matokeo. Kimono, lile vazi lao la mchezo, ikirudi na kola iliyochanika, najua tumekabwa. Ikirudi imetoboka magotini, najua tumemkalia mtu juu, na siku hiyo hakuna anayenuna mezani.

Msimu uliopita Kambare alisimama mbele yenu, akafungua mkanda wake mweusi, akaulaza mkekani na kutangaza kwamba amestaafu. Ninyi mkapiga makofi. Madhara ya makofi yenu ni haya:

1. Mume wangu amekuwa bingwa. Katika shindano la kwanza bila Kambare, uzani wao haukuwa na mtu mwingine. Refa alimwinua mkono kwa kuwa hapakuwa na mkono mwingine wa kuinua. Alirudi nyumbani, medali ya dhahabu akaiacha kwenye mfuko wa viatu. Nilipomuuliza mambo yamekwendaje, alisema ameshindwa. Nikamwambia medali inasema vingine. Akanijibu, "Mama watoto, medali haijui kitu," akaenda kujilaza na jua bado liko juu.

2. Ujuzi usipopata pa kwenda huhamia nyumbani. Mtungi wa gesi sasa hubebwa kwa kukabwa. Godoro likitakiwa kugeuzwa, kwanza hubanwa kwa miguu mpaka likubali. Juzi mama mkwe alikuja kutusalimia, mwanawe akamkumbatia. Yule mama, kama walivyo kina mama, akampigapiga mgongoni kwa upendo. Baba watoto akadhani amesalimu amri. Akamwachia papo hapo, akarudi nyuma hatua moja, akamwinamia. Mama mkwe aliniuliza kando kama mwanawe ana homa.

3. Baba watoto ana upara, tena upara wa siku nyingi, hauna hata unywele wa ushahidi. Hata hivyo kila Jumamosi huenda kunyolewa kwa Kambare. Sikumwamini, nikamfuata. Nilichungulia dirishani nikamwona kwenye kiti, shuka imefungwa shingoni, na Kambare akipitisha mashine juu ya kichwa kitupu kwa uangalifu mkubwa. Shingo ile aliyoikaba ujana wake wote, sasa anaipaka poda kwa brashi! Mimi si mwanamke wa wivu, Mheshimiwa, lakini macho ninayo.

Baba watoto alipoondoka niliingia. Kambare aliniita shemeji, akapangusa kiti, akanikaribisha. Nikamwomba arudi mkekani, nikamweleza habari za mtungi na za mama mkwe. Alisikiliza huku akikunja shuka, akarudia kuikunja, kisha akasema: "Shemeji, asubuhi mke wangu ndiye anayenivalisha soksi. Goti halikunjiki. Mumeo ni mtu wa kushika miguu. Nikirudi atalishika goti hili, na akigundua ni bovu ataniachia. Hilo sitaliweza. Bora niondoke angali ananiogopa."

Nilimuaga, nikatoka. Ila naomba isidhaniwe kwamba kuaga ni kukubali hoja.

4. Nimejaribu kumtafutia adui mwingine. Nilimpata fundi bomba mmoja, kijana mwenye nguvu na dharau ya kutosha, nikamsukumia. Baba watoto alimkaba, akamwinua, akamfunga mkanda uliolegea, akamwambia amsalimie mamake. Nikaona nimepoteza muda. Adui hafungwi mkanda.

Mheshimiwa, mke akiachwa kuna baraza, kuna wazee, kuna karatasi. Adui akiachwa anapewa medali, anaambiwa hongera. Je, huu ndio uungwana? Kwa sababu hizo naomba yafuatayo.

Kwanza, kustaafu kwa Kambare kutenguliwe.

Pili, sheria zenu ziongezwe kifungu kwamba hakuna mshindani atakayestaafu bila ridhaa ya mpinzani wake, na ya mke wa mpinzani, ambaye ndiye anayebaki naye.

Tatu, goti la Kambare litangazwe kuwa mali ya chama, litibiwe na kutunzwa kama mnavyotunza mikeka, na lisitumike kupanda ngazi.

Nne, goti hilo likishindikana, mume wangu aamriwe kuumiza la kwake, ili haki itendeke pande zote mbili. Niko tayari kusaidia. Stuli ninayo.

Nisalimie makamu wako, marefa wote, daktari wa ukumbini na wale wanaopangusa jasho mikekani. Nisalimie pia mke wa Kambare, ambaye sijapata kuonana naye ila nadhani tungekuwa na mengi ya kuzungumza.

Ni mimi, kwa heshima na kwa uchovu,
Mke wa Kufuli.

Nyongeza: Kabla sijaipeleka barua hii posta, Kambare alikuja nyumbani mwenyewe, mkewe amemshika mkono. Akakaa, akamweleza baba watoto habari ya goti bila kuficha. Mume wangu alipiga magoti, akaupakata ule mguu, akaupapasa kama anavyopapasa friji iliyogoma. Kisha akasema, "Nilijua. Mbona msimu wako mzima wa mwisho sikuugusa mguu huu?"

Nilidhani watalia, nikaenda kutafuta leso. Niliporudi nilikuta Kambare amewaka, anataka kujua ni mapambano yapi aliyoachiwa. Baba watoto anaapa hakumwachia hata moja, alimheshimu tu goti. Ili kumaliza ubishi wakasogeza meza, wakaanza kurudia pambano la kwanza, polepole, mguu mbovu ukiwa juu ya mto.

Hawajamaliza hadi leo. Kambare anakuja kila siku. Cherehani yangu iko koridoni, sebuleni pametandikwa mikeka, na mume wangu anakula, anacheka, hata mtungi anaubeba kama binadamu wengine. Kwa hiyo naomba ombi langu lote lifutwe. Kambare astaafu, tena astaafu kabisa, na chama kitafute kila njia ya kuwagombanisha upya. Uadui wao ulikuwa na ratiba, refa na kengele ya kumaliza. Urafiki huu hauna hata kimoja.

Naomba jibu la haraka, maana hapa ninapoandika wananiita nikaamue nani alikuwa juu.