Nilivyompokea Baba Yake Lesian

Jumatatu, 10 Juni
Diana ametangaza tukiwa kwenye chai: Jumamosi baba yake Lesian, mchumba wake, anakuja kuleta posa. Posa! Binti yangu wa pekee, msomi, na wafugaji wa upande wa pili wa mlima! Nikamuuliza kama mzee huyo huwa anavaa viatu. Akasema huvaa anachotaka. Jibu baya. Makumira nzima inanijua mimi, Elirehema, karani mstaafu. Watu watatazama.

Alhamisi, 13 Juni
Nimeazima makochi ya jirani, Mama Vaileth. Ya kwetu yako stoo. Mke wangu Hanna anasema hayana kosa lolote. Hanna haelewi mambo haya. Anachowaza ni ng'ombe wake, eti amekaribia kuzaa. Wakati kama huu!

Jumamosi, 15 Juni
Balaa. Ng'ombe ameanza uchungu alfajiri, ndama amekwama. Nikapiga simu huku na huku kutafuta mtu anayejua mifugo. Saa nne akafika mzee kwa miguu. Shuka jekundu, makatambuga ya tairi, fimbo. Akanisalimia vizuri, akaanza kueleza kwamba ametoka mbali. Sikumwacha amalize. Nikamwelekeza apite nyuma, bandani, asikanyage sebuleni. Akanitazama. Ng'ombe akalia. Akaenda.

Mara gari. Akashuka bwana wa suti, viatu vinang'aa. Afadhali! Nikamkumbatia, nikamketisha kwenye kochi, nikamsimulia ukoo wetu nusu saa nzima. Mara mbili alitaka kusema kitu. Nikamwongezea nyama. Nikamwambia kwa siri kwamba nilihofia kuletewa mchunga ng'ombe. Akaacha kutafuna.

Diana na Lesian wakaingia, walikuwa wamepitia Usa River kuchukua soda. Lesian akauliza baba yake yuko wapi. Nikaonyesha kochi. Bwana wa suti akasimama. Yeye ni Solomoni, dereva. Mzee aliomba kushuka barabarani anyooshe miguu, yeye akapitia mafuta.

Tulimkuta bandani, mkono una damu hadi begani, Hanna kamshikia ndoo. Ndama jike, mzima. Diana akaanza kulia, na si kwa sababu ya ndama. Nikajua posa imekufa. Mzee Lesikar akanawa taratibu.

"Mzazi mwenzangu," akasema, "huyu ng'ombe alikuwa anakufa. Sasa naomba chai."

Hanna akamletea kwenye kikombe cha harusi yetu. Mimi sijawahi kupewa kile.

Jumapili, 16 Juni
Nimetafakari kanisani, ibada zote mbili. Kosa ni la Solomoni. Dereva anavaaje vile? Diana anasema posa imebaki kwa wema wa mzee, si kwa ajili yangu. Harusi itakuwa kwao, na mavazi watapanga wao. Nikakubali. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Jumanne, 25 Juni
Kadi imefika. Baba wote wawili: mashuka. Mzee Lesikar ameniletea la kwangu, jekundu, zito, zuri kwa kweli. Hanna anasema linanipendeza kuliko nguo zangu zote. Nimesimama mbele ya kioo saa nzima. Tatizo ni moja: asiyenijua atanidhania mfugaji.

Nimepata dawa. Suti ndani, shuka juu. Nitaliacha wazi kidogo kifuani, tai ionekane.