Naomba Nihesabiwe Kuwa Spea ya Lori

Cheyo, Tabora

Bwana Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wapiga chapa wako. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa lori.

Mimi ni msichana niliyemaliza darasa la nane, na si mwepesi wa kusema mbele ya watu. Kati ya kitanda changu na kiti cha baba kuna pazia tu, lakini nakuandikia wewe kwa sababu kila Jumamosi baba huwasomea wenzake gazeti lako barazani, na neno lililopigwa chapa habishani nalo. Mimi nikisema, hujibu, "Nenda kamsaidie mama yako."

Jambo lenyewe ni hili. Lori letu ni la kabla ya vita. Mwezi uliopita liliungua koili, kile kikopo cha chuma kinachopeleka moto kwenye plagi ili injini iwake, na tangu hapo baba anatafuta nyingine. Wiki ile ile Bwana Ngollo wa Lusu, huko Nzega, aliyefiwa na mkewe, alileta posa. Baba ameridhika naye. Imebaki lori lipone, liende kuwachukua wazee wa Lusu waje kumaliza maneno. Nami nimeitwa chuo cha ualimu, na jibu linatakiwa kabla mwezi haujaisha.

Sibishani na baba. Nalalamika tu kwamba koili imependelewa, kama ifuatavyo:

1. Koili ya kwanza ilitoka kwa fundi Twalibu wa Mtendeni, mpya, inang'aa. Baba akauliza umri wake na nguvu zake. Ilikuwa ya volti kumi na mbili, na lori letu ni la volti sita. Akairudisha, akisema, "Twalibu, ndugu yangu, gari la zamani halifungwi kitu cha juzi. Moto wake utakuwa wa kibatari, tutabaki kusukumana." Bwana Ngollo naye ni wa kabla ya vita, tena vile vita vya kwanza. Mimi ni wa juzi. Hakuna aliyeuliza volti.

2. Koili ya pili ilikuwa ya volti sita, lakini imewahi kutumika. Fundi alipoileta nyumbani, baba akataka kujua imetoka gari gani, limekwenda wapi na wapi, na kwa nini liliachana nayo. Fundi akachoka: "Mzee, unanunua koili au unaoza binti?" Watu wote wakacheka, na baba akacheka kuwashinda. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la chai.

3. Baba hakukubali koili hiyo ijaribiwe ikiwa baridi. Alisema koili mbaya ina adabu asubuhi. Ikishapata joto ndipo inakuzimia porini, huku Nzega mbali na nyumbani mbali. Basi injini ikaachwa ikiunguruma mpaka jua la utosi, na kweli ikazima. Bwana Ngollo tumemwona mara moja tu, asubuhi, kukiwa na umande. Alikunywa uji akaaga.

4. Koili ya tatu imeagizwa Dar es Salaam. Baba ameliandikia duka kwamba isipoelewana na lori itarudishwa. Nilimwuliza mama kama nami nitarudishwa. Mama aliendelea kuchambua maharage.

5. Hata marehemu babu, aliyebeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi pwani, alipimwa mabega kabla ya kutwishwa.

Kwa hiyo naiomba Serikali, kupitia gazeti lako, itangaze kwamba msichana aliyemaliza shule ni spea ya motokaa. Sidai cheo kikubwa. Siombi kuwa injini. Nikishakuwa spea, baba ataniuliza nguvu zangu, ataitazama nafasi ninayokwenda kuziba, na pengine ataona kwamba volti zangu ni za ubao na chaki.

Nisalimie wapiga chapa, wauza magazeti, na yeyote atakayeisoma barua hii kwa sauti barazani. Akiwa ni baba, shikamoo.

Ni mimi,
Msichana asiyetaka kujulikana,
Nyumba yenye lori bovu la kijani, Cheyo.

Nyongeza: Tafadhali hapa usipapige chapa. Huko juu nimeonyesha kwamba hakuna koili inayompita baba bila kukaguliwa. Si kweli. Ile ya Dar es Salaam ilifika Jumanne. Jamaa aliyekuwa safarini kwenda Kigoma alimkabidhi mama. Ni ya volti sita, ya magari ya umri ule ule, nimeisoma mwenyewe. Kila treni ikiingia baba yuko stesheni anaingoja. Mama ameiweka juu ya kifuniko cha chungu cha maharage, kisifunuke, na kwa kuwa maharage huchemka kutwa, joto imeshalizoea. Anasema itakaa hapo mpaka mwezi uishe, jibu langu liwe limeshafika chuoni. Haikufichwa. Iko jikoni, waziwazi. Ila jikoni baba haingii.