Nyuzi Kumi na Moja Zilizofungiwa Kwenye Kabati la Sakristia

Tarsisi Kapinga,
Fundi baiskeli na pikipiki,
Kigangoni, nje kidogo ya Mbinga.

Kwa Mheshimiwa Baba Paroko,

Tumsifu Yesu Kristo.

YAH: KUOMBA KUFUNGULIWA KWA GITAA LA KWAYA

Baba, kama mafua yale ya Jumapili bado yanakusumbua, pole sana. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo umechafuka. Wiki mbili zilizopita Kamati ya Kwaya, chini ya Mwenyekiti wake Bwana Othmar Ndunguru, ambaye pia ndiye mpiga kinanda, ililiondoa gitaa mapajani mwangu na kulifungia kwenye kabati la sakristia, pamoja na divai. Sikukuu ya Somo wetu, mtakatifu msimamizi wa kigango, ni Jumapili ijayo. Siku hiyo mama yangu mzazi, Bibi Lidia, atakuwa amepanda basi kutoka Lituhi kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, na anachokifuata huku kwenye baridi ni kimoja tu, kunisikia nikipiga. Masikio yake yamechoka, na mwenyewe anasema safari nyingine haioni. Ndiyo maana nakuandikia wewe mwenye ufunguo.

Gitaa lenyewe unalijua. Ni lile la kulaza mapajani, ambalo mtu hulipiga kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Mimi natumia pini ya pistoni. Mhandisi mmoja mgeni aliyekuja kuangalia makaa ya mawe Ngaka ndiye aliyetuachia. Lilikuja na nyuzi sita. Kosa ninaloshitakiwa ni kuziongeza. Naomba uyasikilize malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Kigango chetu kina jumuiya ndogondogo kumi. Kwa nia njema nilitangaza kwamba kila uzi utalelewa na jumuiya moja, ukikatika wenyewe wautafute mwingine. Jumuiya nne zikakosa uzi, zikagoma kufagia kanisa. Nani alileta amani, Baba? Ni mimi, kwa drili. Nilitoboa kichwa cha gitaa, nikapachika bolti, nikafunga nyaya za breki za baiskeli, nyuzi zikawa kumi na kanisa likafagiliwa. Wiki ileile Jumuiya ya Mtakatifu Yuda Tadei ikagawanyika kwa ugomvi wa sufuria ya pilau, nami nikaongeza uzi wa kumi na moja bila hata kuitiwa kikao. Anayesema nimeharibu gitaa akaulize kwanza nani aligombea sufuria.

2. Inasemekana uzi wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika unakoroma. Ni kweli unakoroma. Hata wanajumuiya wenyewe hukoroma, tena wakati wa mahubiri yako, na sijasikia aliyefungiwa kabatini.

3. Nimeitwa mwizi kwa sababu ya ubao wa kupigia magoti wa kitubio, ambao niliukata nusu ili kupanua kichwa cha gitaa kipokee bolti zote. Naomba ieleweke kwamba ubao ule ulikuwa umelegea. Isitoshe, siku niliyokuwa natengeneza pikipiki ya katekista Aidan chini ya dirisha la chumba cha kitubio, nilisikia maungamo ya watu saba bila kukusudia. Baba, kwa dhambi zile nusu ubao inatosha. Mmoja tu ndiye angehitaji ubao mzima, na kwa heshima ya kamati simtaji.

4. Kinanda cha Bwana Othmar kina vibao sitini na kimoja. Nimemhesabia Misa nne mfululizo, hajavuka vibao vinane. Hivyo hamsini na vitatu vinakaa bure kanisani, na hakuna aliyeviundia kamati. Kama wingi ni dhambi, basi naomba kinanda nacho kipunguzwe, na koleo ninayo.

5. Nyaya zote nilipewa na Mzee Twaha, mwenye duka la vipuri, kwa moyo mweupe. Kila asubuhi ananiuliza zinaendeleaje, kama mtu anayeulizia watoto waliopelekwa bwenini. Nikaona haki apate uzi wake, wa kumi na mbili. Kamati ikasema Mwislamu hawezi kuwa na uzi kwenye gitaa la Misa. Baba, gitaa zima limefungwa nyaya zake! Kwa hoja yao limeshasilimu zamani, na wao ndio waliolilaza na divai.

6. Hili sasa ndilo la moyoni, na kwenye kikao cha kamati sikulisema. Mara ya mwisho mama alipokuja, nilipiga wimbo wa vipaji, ule wa kutolea sadaka, kwa nyuzi sita mpaka vidole vikaota malengelenge. Nilipomaliza, aliniuliza nitaanza saa ngapi. Watu walicheka, Othmar akicheka kuliko wote. Tangu siku hiyo naongeza. Kama sita hazikumfikia kabisa, basi kumi na moja zitamfikia nusu, na kwa hesabu yangu ishirini na mbili zitamfikia zote.

Kwa hiyo naomba kabati lifunguliwe kabla ya Jumamosi, niruhusiwe kufikisha nyuzi ishirini na mbili, na kwa kuwa nusu ile ya ubao wa kitubio imeisha, nipewe benchi la wazee wa kanisa. Wao wanaweza kusimama. Misa yenyewe ni ya muda wa saa mbili tu.

Nisalimie katekista Aidan, mwambie pikipiki isizimwe kwenye mlima. Msalimie Mama Winifrida wa jikoni, masista wote, na yule mbwa wa parokia aliyeningurumia nilipokuja kuangalia kufuli. Hata Bwana Othmar msalimie, ila kwa kifupi.

Mimi mwanao mtiifu niliyebaki na mapaja matupu,
Tarsisi Kapinga.

Nyongeza: Imenibidi niifungue tena bahasha. Mama ameshuka kwenye bodaboda mlangoni kwangu sasa hivi, amewahi siku nne. Chai hakuitaka, alitaka gitaa. Kwa aibu nilichukua ubao wangu wa majaribio, wenye uzi mmoja wa breki, nikaulaza mapajani mwake nikapiga nikiwa nimechutama. Akaweka kiganja juu ya ubao uliokuwa ukitetemeka. Tumeumaliza wimbo wa vipaji wote, naye akiimba, hakukosea mahali. Kisha akaniambia kwa Kinyasa, nami nakutafsiria: "Mwanangu, huu nimeusikia. Zile nyingine zote zilikuwa za nini?" Gitaa wabaki nalo. Jumapili naomba tu nafasi ya watu wawili kwenye benchi la mbele, na mtu asituulize kuhusu ubao tutakaokuja nao.