Wanakuja Kufunga

Jumatatu, 3 Machi
Miezi minane nasubiri umeme kwenye karakana yangu! Mashine ya kuranda mbao imefunikwa shuka tu. Mwalimu mkuu anataka madawati arobaini mwisho wa mwezi. Kwa randa ya mkono? Nitazikwa nimeinama. Leo Misumari, seremala wa ng'ambo ya barabara, alikuwa akinong'ona na mtu mwenye faili. Akanisalimia vizuri mno. Mtu aliyeninunia mwaka mzima! Kuna kitu.

Jumanne, 4 Machi
Ujumbe, namba ngeni: "Alhamisi tunakuja kufunga. Uwepo." Kufunga! Tena wanataka nishuhudie! Misumari kanichomea kwa yule mwenye faili. Kibali cha karakana kinadai vyoo viwili, mimi ninacho kimoja, nacho hakina mlango. Mke wangu akauliza kulikoni. Nikamwambia hayamhusu.

Jumatano, 5 Machi
Nimehamishia kila kitu kwa mama mkwe: misumeno, mashine, mbao. Akauliza kama nimeachwa. Karakanani nimeweka kitanda na chandarua. Akili ni mali!

Alhamisi, 6 Machi
Wamekuja wawili, na ngazi na nyaya. Wakamuulizia seremala. Nikasema hapa hajawahi kuwapo seremala, mimi ni mgonjwa wa mgongo. Nikakohoa kuthibitisha. Mwenye ngazi akatazama maranda kwenye nywele zangu, akasema basi, wanakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Wakavuka kwa Misumari. Wanamfunga yeye! Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimecheka mpaka mbavu zimeuma.

Ijumaa, 7 Machi
Mashine inanguruma kwa Misumari. Kafungiwa mita. Mke wangu kausoma ule ujumbe, akashika kichwa: kufunga mita, baba watoto, siyo kufunga karakana! Ofisi ya umeme wamenirudisha mwisho wa foleni. Mwalimu mkuu kaja, kasikia ule mngurumo, kavuka barabara. Madawati yangu yote arobaini! Nimelia, sioni haya kuandika.

Jumamosi, 8 Machi
Nimewaza usiku kucha, nimepata jibu. Mke wangu kalijuaje lile neno kwa kulitupia jicho mara moja tu? Nani kamfundisha mambo ya mita? Na aliponipa pole, mbona sauti ilitulia hivyo? Hanidanganyi mtu. Nimebadilisha namba ya siri ya simu. Kuanzia leo, ujumbe wowote wa umeme nausoma peke yangu.