Waondoe Dorothée Wanne Ukutani Mwangu

Kamina, Jumanne

Kwa Bwana Kabange, mpiga picha,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi sijambo, ila nimekuwa wengi.

Ulikuja katika duka langu la mikate, ukasimamisha kamera, ukanipiga picha mara tano: nikikanda unga, nikichochea tanuri, nikifunga mikate kwenye baiskeli, nikiuza, na nikicheka na sinia mkononi. Kisha ukatuunganisha sote katika picha moja kubwa, ukaitundika ukutani, ukasema ni mzaha wa kuvuta wateja. Wateja wamevutika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wake za askari wa kambini hawataki kuhudumiwa nami. Wanamtaka yule anayecheka. Nikisema ndiye mimi, wanaitazama picha, wananitazama, wanasema watamsubiri. Mama Bokungu alikaa kwenye benchi hadi adhuhuri.

2. Mama mkwe alifika kutoka Kabondo-Dianda akiwa na vumbi la njia nzima. Alipoona uso mmoja mara tano, alipiga magoti. Wewe una jina la pacha, kwa hiyo unajua: kwetu pacha hupokewa kwa nyimbo na chokaa nyeupe, na akipewa mmoja lazima wapewe wote. Aliimba mpaka barabara ikajaa. Sasa nikipewa samaki, wanne wengine wanawekwa chini ya picha, na paka wa jirani amenenepa.

3. Mfanyakazi wangu Masengo alimwomba ruhusa Dorothée wa tanuri. Hakujibu. Masengo akahesabu ni ndiyo, akaenda kutembea Sanga siku tatu.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mume wangu Xavier, mtu wa reli, alirudi safarini akala akiwa ameielekea picha. Aliisimulia jinsi treni ilivyokwama, nani aliugua, nani alifumaniwa. Mimi huambiwa tu, “Tulifika.” Nilipouliza kwa nini, alijibu: “Ule mwenye anacheka njo bibi yangu. Weye uko nani?” Nimemwonea wivu huyo mke wake anayecheka, Bwana Kabange, na sikumbuki ni lini nilicheka hivyo nyumbani kwangu.

Kwa hiyo naomba uje uwaondoe wanne, ukianza na huyo. Ukishindwa, niandikie hati yenye muhuri kwamba Dorothée halisi ni mimi, niitundike shingoni.

Msalimie mkeo Naomie, watoto, na pacha wako. Mama mkwe anasema huyo pacha umsalimie kwanza.

Wako kwa heshima na uchovu,
Dorothée Ngalula

N.B. Xavier ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Amenikumbusha kwamba siku ile alikuwa amesimama nyuma ya mgongo wako, amevaa sufuria ya unga kichwani, anacheza. Ni kweli, ndiye niliyekuwa namcheka. Tafadhali usiondoe mtu. Njoo umwongeze na yeye, pamoja na sufuria yake, ila awe mmoja tu. Wa namna hiyo watano sitawaweza.