Mafuta ya Gobore la Marehemu

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe ametangaza. Gobore la marehemu baba mkwe, lile lililoning'inia juu ya kabati la vyombo, atapewa atakayelenga vizuri Jumamosi kwenye uwanja wa klabu ya shabaha. Tuko wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Gololi tatu kila mtu, kwa gobore hilohilo. Anataka kuona matundu matatu yamekaa pamoja.

Shemeji ni fundi saa. Mkono wake hautetemeki. Na utetemeke usitetemeke, mimi nina akili!

Jumanne, 4 Machi

Siri ni mafuta. Gobore hujazwa kwa mdomo wa mtutu: baruti kwanza, halafu gololi juu ya kipande cha kitambaa chenye mafuta, unashindilia kwa ufito. Mafuta yakiwa mabaya, gololi inakwenda inakotaka.

Nimemuuliza shemeji anatumia nini. Nta ya nyuki na mafuta ya kula, akasema. Siku zote hayohayo, kiasi kilekile, na kila akifyatua anasafisha mtutu. Mwongo! Nani anataja siri yake huku anakumiminia chai?

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi, kwa gobore la klabu. Siagi: juu mno. Sabuni ya kufulia: kushoto. Mafuta ya nywele ya mke wangu: gololi haikuonekana tena. Mtunza uwanja akanishauri nichague kitu kimoja nidumu nacho. Nikamjibu kwamba mtafiti hachagui kabla ya kumaliza utafiti.

Mke wangu kanuna. Anauliza kwa nini bunduki inanukia vizuri kuliko yeye. Swali la uchochezi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kumwamkia mama mkwe. Na kupeleleza, ndiyo. Marehemu alikuwa anatumia mafuta gani?

“Mate,” akasema. “Anatia kitambaa mdomoni, kikilowa anashindilia. Basi.”

Nikacheka kwa adabu. Mate! Kweli nilikuwa namwona anatafuna kitu, nikadhani ni tumbaku. Yule mzee ndiye aliyenifundisha kulenga, wakati nyumba ile nzima ilikuwa inaitikia salamu yangu kwa kuguna. Alisimama nyuma yangu, akanishika kiwiko, akaniita mwanangu. Shemeji anataka gobore lile alipachike dukani katikati ya saa zake. Mimi nalitaka kwa sababu ya kiwiko hiki. Siliachi!

Ijumaa, 7 Machi

Nimepita dukani kwa shemeji. Alipoinama kutafuta skrubu iliyoanguka, nikachukua kopo dogo la bati kwenye mkoba wake. Si wizi. Ni mambo ya ndani ya familia.

Mke wangu akauliza natabasamia nini. Nikamwambia atajua kesho.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji kaanza. Akatoa kopo jingine mfukoni. La kuzugia, mimi sidanganyiki! Matundu matatu, unayafunika kwa kikombe.

Zamu yangu. Kifuniko cha kopo kikagoma. Nikavuta, nikauma, wapi. Watu wananitazama. Ikabidi nitumie mate. Aibu iliyoje! Nikafyatua. Mate tena. Nikafyatua.

Matundu mawili yamegusana. Yamegusana! Shemeji mwenyewe akapiga makofi. Mama mkwe akainuka kitini. Imebaki gololi moja na gobore ni langu.

Hapo kifuniko kikafunguka.

Sasa mtu mwenye akili, mafuta ya mshindani mkononi, aendelee na mate? Nikapaka kitambaa, nikashindilia, nikajifuta jasho usoni kwa mkono uleule. Macho! Moto! Nilifyatua ninalia. Gololi ikaenda kwenye ubao wa shabaha wa shemeji, kando ya wangu, katikati kabisa ya matundu yake.

“Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji,” akasema mama mkwe, akamkabidhi mwanawe gobore.

Shemeji akaniuliza taratibu kama nimeiona dawa yake ya kuchua mgongo.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amekuja. Kasema gobore ni la wote, kila Jumamosi nije tulipige pamoja, ila nitumie mate kama baba. Akanishika kiwiko. Nikageukia dirishani. Machozi yale hayakuwa ya dawa, na sitayazungumzia zaidi.

Akaongeza kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Nani kashindwa? Nimekaa, nimefikiri. Gololi sita zilifyatuliwa jana. Iliyopiga katikati kabisa ni moja tu, na ni ya dawa ya mgongo. Ubao ndio haukuwa wangu.

Kesho nanunua kopo kubwa.